Daktari wa Runinga

Siku alipotoka gerezani, askari wa lango alimkabidhi mkanda wake, saa iliyokuwa imesimama na viatu vilivyokakamaa kwa kukaa bila kuvaliwa. Kisha akapandisha mguu wa suruali na kumwonyesha goti.

"Daktari, hili linanisumbua nikipanda ngazi. Hebu liangalie kabla hujaenda."

"Nenda zahanati, ndugu yangu."

"Zahanati kuna foleni."

"Nenda hivyohivyo. Mimi si daktari, na wewe unajua."

Askari alijua, kama kila mtu alivyojua. Lakini kwa miaka mingi mtu huyu alikuwa akiingia sebuleni mwa watu kila Jumatano, amevaa koti jeupe, kile kidude cha kusikilizia moyo kikining'inia shingoni, akiwatibu wagonjwa wa tamthilia kwa sauti nzito ya upole iliyowafanya hata wazima watamani kuugua. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho. Mtaani aliitwa Daktari, dukani Daktari, na hata mama mkwe wake, mtu asiyependa mzaha, alimwita Daktari na kumweleza habari za mgongo wake. Gerezani mambo hayakubadilika. Wiki ya kwanza alijiwa na mfungwa mwenye jipu kwapani.

"Mimi si daktari," alimwambia.

"Na mimi si mwizi," yule akajibu, akainua mkono.

Chumba kizima kilicheka. Yeye naye alicheka, kisha akalala akageukia ukuta, kwa sababu jina hilo ndilo lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Watu walidhani kilichompeleka ndani ni gari na pombe tu, na hukumu ilisema hivyohivyo. Siku ile yeye na waigizaji wenzake walimaliza kurekodi mapema, wakaenda kukaa baa tangu mchana. Alipoinuka kuondoka jua lilikuwa bado halijazama. Mhudumu alimwuliza kama amwitie teksi. Alimjibu kwamba barabara ya kwake anaweza kuipita amefumba macho, na wenzake wakacheka, kwa sababu alikuwa mtu wa kuchekesha. Kwenye kona ya viwandani alimgonga mtu wa baiskeli, seremala aliyekuwa akirudi nyumbani kutoka kazini. Mbao alizozifunga nyuma ya baiskeli zilitapakaa barabarani kama njiti za kiberiti.

Alishuka. Watu walikuwa wameshaanza kukusanyika, na mwanamke mmoja akamtambua.

"Ni Daktari," alisema. "Mpisheni, ni Daktari."

Wakampisha. Na hapo ndipo alipofanya jambo ambalo hakuna wakili wala mwendesha mashtaka aliyewahi kumwuliza. Angeweza kusema: mimi ni mwigizaji, mbebeni tumkimbize hospitali. Hakusema. Alipiga magoti kando ya seremala, akamshika mkono, akatafuta mshipa kwa vidole viwili jinsi dada yake alivyomfundisha alipokuwa anajiandaa kuigiza, akainamisha kichwa na kufumba macho. Umati ukanyamaza. Akasema kwa ile sauti, "Msimguse. Aachwe atulie kwanza." Watu wakatii. Nani angembishia Daktari? Walisimama pale wakimtazama, mpaka dereva mmoja wa lori akasimama, akauliza kwa nini mtu anaachwa chini kama gunia, akawasukuma kando na kumpakia majeruhi. Seremala alikata roho kabla hawajafika hospitali.

Mahakamani alilia. Waliokaa viti vya nyuma walinong'ona kwamba hata siku ile mtoto mgonjwa alipomfia kwenye tamthilia hakulia vizuri namna ile. Aliwasikia. Tangu siku hiyo hakulia tena mbele ya mtu.

Mke wake alidai talaka yeye akiwa ndani, naye alikubali bila ubishi. Binti yao alibaki kwa mama. Alimwacha mtoto wa shule ya msingi anayependa kupanda mgongoni, na sasa, baada ya miaka sita, aliambiwa amekuwa msichana mrefu asiyependa kuulizwa habari za baba yake.

Hivyo alikwenda kwa dada yake, muuguzi wa zahanati, mjane mwenye nyumba ya vyumba viwili na ua mdogo wa kuanikia nguo. Dada alimfungulia mlango, akamtazama kuanzia utosi hadi vidole vya miguu, akamwambia aoge kwanza, salamu zitakuja. Jioni wakila alimpa masharti.

"Hapa pombe haiingii, mdogo wangu. Hata dawa ya kikohozi nitakupimia mimi."

"Nimeacha, dada."

"Kule umeachishwa. Kuacha utaanzia hapa."

Siku chache baadaye, dada akiwa anapiga pasi sare zake, alimweleza yale ya barabarani. Hakuwahi kumweleza mtu. Alieleza mkono, mshipa, sauti aliyoitumia, watu walivyotii. Dada hakuinua macho. Pasi ilikwenda na kurudi juu ya kola ileile.

"Wewe ni muuguzi," alimwambia. "Alikuwa anapumua kwa kukoroma, damu inatoka sikioni. Kama angewahishwa, angepona?"

"Sikuwepo."

"Lakini kwa kukisia tu."

"Usinitafutie jibu la kukupa usingizi." Alisimamisha pasi. "Habari hii umemweleza nani mwingine?"

"Wewe tu."

"Basi umemweleza mtu asiyehusika."

Lile neno lilimchoma, akalifukia. Alijiambia kwamba kwanza apate kazi, awe mtu, halafu ndipo atajua la kufanya. Wengi wetu huahirisha mambo kwa kuyapanga foleni.

Alianza kwa mtayarishaji wa ile tamthilia. Mtayarishaji alimkumbatia kwa nguvu, akamwagizia chai, akamsifu kwamba hajazeeka.

"Watu hawajakusahau," alisema.

"Basi nipe hata kipande kidogo. Hata cha kufungua mlango."

"Ndugu yangu, nimesema hawajakusahau. Ndilo tatizo lenyewe." Alikoroga chai kwa muda mrefu. "Kwenye skripti tulikupeleka ng'ambo kusoma. Mpaka leo watazamaji wanauliza ni masomo gani yasiyokwisha."

Mwingine alikuwa na filamu ya majambazi na akamtaka aigize mfungwa, kwa kuwa ana uzoefu. Mwingine, mwuza dawa za kuongeza nguvu, alimtaka avae tena koti jeupe na kushika chupa mbele ya kamera, aseme maneno mawili tu. Daktari alimshukuru yule wa filamu, akaahidi kufikiria. Kwa mwuza dawa alitoka bila kuaga.

Mwisho akajikuta mlangoni kwa mwanamke aliyeitwa Mama Poda. Zamani alikuwa binti mdogo wa kuwapaka poda waigizaji kabla ya kamera kuwashwa. Siku moja poda ilimdondokea Daktari kwenye kola ya koti jeupe, naye akamfokea mbele ya watu wote, akasema hafanyi kazi na wapaka chokaa. Binti aliondolewa wiki ileile. Sasa alikuwa mwongozaji wa kikundi cha maigizo ya jukwaani, na kikundi hicho kilikuwa na ukumbi wake, ghala kuukuu la nafaka lililotiwa viti vya kukunja na mapazia mazito. Ukitembea sakafuni, mara mojamoja ulikanyaga punje ya mahindi.

"Unaikumbuka ile kola?" Mama Poda alimwuliza, kabla hata hajamkaribisha.

"Naikumbuka."

"Mimi nilikuwa nimeshaisahau, mpaka nilipokuona hapo mlangoni."

"Nisamehe."

"Sijakuuliza ili uombe msamaha. Nimekuuliza nijue kama unakumbuka." Akamwonyesha ufagio. "Viti vipangwe kabla ya mazoezi. Halafu utakaa pembeni na skripti. Nina watu wanaosahau maneno yao kila wakiona watazamaji. Utawakumbusha."

Akawa mfagiaji na mkumbushaji. Aliketi nyuma ya pazia, kidole kwenye mstari, na mtu aliponasa alimrushia neno kwa mnong'ono. Kazi aliipenda kuliko alivyotegemea. Hakuna aliyemwona. Waigizaji vijana waliozaliwa wakati yeye ni maarufu walimwogopa mwanzoni, baadaye wakamzoea, wakaanza hata kumtania kwamba ndiye daktari wa maneno, anafufua yaliyokufa mdomoni.

Mchezo waliokuwa wakiuandaa ulimhusu mzee mwenye duka ambaye watoto wake wanakuja kugawana mali yeye angali hai. Aliyeigiza mzee huyo akaugua koo, akaambiwa asiseme kwa muda mrefu. Mama Poda aliwatazama watu wake mmojammoja, akavuta pumzi, akaligeukia pazia.

"Toka huko nyuma. Maneno unayajua."

Aliyajua yote, ya mzee na ya kila mtu. Alipanda jukwaani, akasema mstari wa kwanza, na vijana wakatazamana kwa mshangao, maana ghala lote lilijaa ile sauti nzito waliyokua nayo. Mama Poda alipiga makofi kumkatiza.

"Iache hiyo sauti."

"Sauti ipi?"

"Ya koti jeupe. Huyu ni mwenye duka. Sema kama unavyoomba chumvi nyumbani kwa dada yako."

Alijaribu. Ilitoka sauti nyembamba, yenye mikwaruzo, ambayo hata yeye hakuijua vizuri. Aliona aibu nayo, kama mtu aliyekutwa hajavaa shati. Mama Poda akasema, "Hiyo. Endelea na hiyo." Walifanya kazi hivyo wiki baada ya wiki, na kidogokidogo yule mwenye duka akaanza kutembea, akawa na kikohozi chake, na namna yake ya kupanga makopo kwenye rafu huku akijifanya hasikii yanayosemwa. Dada yake alianza kumsikia akiimba bafuni. Aliongeza tu sauti ya redio.

Mabango yakachapishwa. Aliyeyachora hakuuliza mtu, akaweka uso wa Daktari katikati, mkubwa kuliko jina la mchezo, na vijana wa kikundi wakayabandika mji mzima.

Asubuhi moja alikuwa akifagia ukumbi peke yake, mwanamume mwenye mikono mipana na vumbi la mbao kwenye nyusi akaingia, ameshika bango lililochanika katikati.

"Samahani, mzee. Mwenye ukumbi yuko wapi?"

"Ametoka kidogo. Nikusaidie?"

Yule mtu aliinua macho. Alikuwa ameisikia sauti. Alimtazama, akalitazama bango, akamtazama tena aliyeshika ufagio.

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

"Mimi ni mdogo wake seremala." Hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu kama angepaza. "Hii picha imebandikwa ukuta unaotazamana na karakana yetu. Shemeji yangu anafungua dirisha, anakutana na wewe. Miaka yote hii tumekuwa tukimbembeleza ale, tukimbembeleza alale. Leo amefungua dirisha, akalifunga, akakaa kimya gizani. Mimi sikuja kupigana. Nimekuja kuuliza tu, mji mzima huu mmekosa ukuta mwingine?"

"Nitakuja kwake," alisema Daktari.

"Sikukualika."

"Najua. Mwambie tu kwamba nitakuja kesho. Akinikataa, nitarudi kutoka mlangoni."

Mdogo wa seremala alikunja bango vipande vinne, akaliweka juu ya kiti, akaondoka.

Kesho yake dada aliomba ruhusa kazini na kumsindikiza. Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye bati juu, kinanuka gundi na vanishi, viti visivyo na vitambaa vimepangwa ukutani, mifupa mitupu. Mjane wa seremala alikuwa ameketi juu ya kigoda katikati ya marundo ya sponji, akishona kitambaa cha kochi kwa sindano ndefu iliyopinda. Mume alipokufa, mdogo mtu alishika randa na yeye akashika sindano. Alikuwa mwanamke mwembamba, mtulivu, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliitikia salamu za dada, akawaonyesha benchi. Mdogo wa marehemu alisimama karibu na mlango.

"Nilijua ipo siku utakuja," mjane alimwambia. "Nilikusubiri zamani, nikachoka. Sasa umekuja wakati nimeacha kusubiri."

"Nilichelewa, mama."

"Ulichelewa." Alivuta uzi mpaka mwisho. "Nina swali moja tu, halafu mengine utasema wewe. Yupo mama mmoja alikuwepo pale barabarani. Alikuja msibani akaniambia, mume wako hakufa peke yake, Daktari alimshika mkono. Akasema alimwona akikusemesha. Midomo ilitembea, na wewe uliinama ukasikiliza. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Alisema nini?"

Kichwani mwa Daktari sentensi ilikuwa imeshafika, haikuhitaji hata kutafutwa. Mwambie mke wangu asilie sana. Mwambie nilikuwa njiani narudi kwake. Ilikuja nzima, na pumzi zake, na mahali pa kunyamaza, na mahali pa kuishusha sauti. Maisha yake yote alikuwa amelipwa kusema maneno kama hayo, na alijua kwamba angeyasema vizuri, na kwamba mwanamke huyu angeyaweka moyoni mpaka siku ya kuzikwa kwake.

"Mama," alianza, na ikatoka ile sauti, nzito, ya upole. Aliisikia. Akafunga mdomo.

Alipoufungua tena ilitoka ile nyembamba.

"Sijui alisema nini. Midomo ilitembea, nami niliinama. Sikusikia."

"Ulikuwa karibu kama nilivyo karibu na hiki kitambaa."

"Nilikuwa nimelewa. Na nilikuwa naigiza, mama. Waliniita Daktari, nami nikawa Daktari. Nilimshika mkono kama nilivyokuwa nikishika mikono ya waigizaji wenzangu. Nikawaambia watu wasimguse. Wangeweza kumkimbiza mapema, mimi ndiye niliyewazuia. Yeye alikuwa anasema, na mimi nilikuwa nasikiliza jinsi watu walivyonyamaza."

Hakulia. Alijikaza kisabuni, mikono katikati ya magoti. Nje mtu alikuwa akipigilia misumari, kisha akaacha.

Mjane alichoma sindano kwenye sponji. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitambaa cha kochi, akaivaa tena.

"Hayo hukuyasema mahakamani."

"Hakuna aliyeniuliza."

"Na mimi sikukuuliza hayo. Nilikuuliza alisema nini."

"Ndiyo, mama."

"Nilikuwa na kitu kidogo," alisema mjane. "Watu walipokuwa wakikutukana hapa, mimi nilinyamaza. Nilisema moyoni, ni mlevi, ameniulia mume, lakini mwisho alimshika mkono na akamsikiliza. Nilikuwa nacho hicho. Kidogo, lakini kilikuwa changu. Umekuja kunipa nini badala yake?"

Dada yake alitazama sakafu, maranda ya mbao yaliyojikunja kama nywele. Mdogo wa marehemu alisogea hatua moja, mjane akamzuia kwa kiganja.

"Nitayatoa mabango yote," Daktari alisema. "Na mchezo nitauacha."

"Ukiuacha nitapata nini mimi? Unataka na hilo nilibebe, kwamba nimekukosesha kazi?" Alichukua tena sindano. "Ondoa uso wako ukutani kwangu. Hayo mengine ni mzigo wako, pambana nao mwenyewe. Sasa nendeni. Nina kazi ya watu, na uzi huu unakatika ovyo."

Walitembea mpaka mwisho wa barabara ndipo dada aliposema.

"Ungeweza kumdanganya."

"Ningeweza vizuri sana."

"Najua. Niliona unavuta pumzi." Baada ya hatua kadhaa akaongeza, "Sijui kama ulichofanya ni chema. Wewe unajua?"

"Sijui, dada."

Na kweli hakujua. Kwa siku nyingi baadaye alirudi barabarani pale kwa mawazo, akainama upya juu ya yule mtu, akaitazama midomo. Yeye ambaye angeweza kushika kurasa nzima za maneno ya kubuni kwa kuzisoma mara mbili alijaribu kulisoma neno moja la mtu aliyekuwa akifa, na kila mara alisikia ukimya wa umati peke yake.

Mabango waliyatoa mchana kweupe, yeye na Mama Poda, kwa ndoo ya maji na kisu cha kukwangulia rangi, ukuta baada ya ukuta. Wapita njia walimtambua. "Daktari, siku hizi umeajiriwa manispaa?" mmoja aliuliza, na wenzake wakaangua kicheko. Aliendelea kujikwangua usoni, jicho likatoka, halafu pua.

Bila mabango watazamaji wa kwanza walikuwa wachache. Ilikuwa Jumamosi alasiri, joto limejaa ghalani, watu wanajipepea kwa karatasi. Alipotokea tu, amevaa kanzu iliyochakaa na kandambili, mtu akaita kutoka nyuma, "Daktari, karibu nyumbani," na ukumbi ukacheka, wengine wakapiga makofi. Zamani angeinua mkono. Sasa alisimama nyuma ya meza ya duka na kuanza kufuta kopo moja kwa kitambaa, polepole, kama mtu ambaye wateja wake wanabishana na yeye hana haraka. Alifuta mpaka kicheko kikaisha chenyewe. Ndipo akasema mstari wake.

Karibu na mwisho, watoto wanapomwambia mzee kwamba duka limeshapata mnunuzi, skripti ilimtaka alie. Mama Poda alikuwa amekifuta kilio hicho kwenye mazoezi. "Wewe ukilia, watu wataangalia unavyolia," alimwambia. "Wape mgongo." Kwa hiyo aliwapa watu mgongo na kupanga makopo. Ukumbi ulinyamaza, karatasi zikaacha kupepea. Aliusikia ukimya ule, akautambua, na mwili wake ukaufurahia kama jani lililopata mvua. Kisha akaogopa. Kopo likamponyoka, likabingiria mpaka ukingoni mwa jukwaa. Watazamaji walidhani ni sehemu ya mchezo.

Alipotoka kwa mlango wa pembeni, msichana mrefu mwenye sketi ya shule alikuwa ameegemea ukuta. Alimjua kwa jinsi alivyosimama, mguu mmoja juu ya mwingine, kama mama yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Alitaka kusogea, akaona ameukumbatia mkoba wake kifuani, akabaki alipo. "Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Mama anajua. Alisema nikitaka nije, nisipotaka nisije."

"Na umeonaje?"

Msichana aliukaza mkoba wake.

"Ulikuwa mzuri. Nilikuja nikitaka uwe mbaya."

"Hata mimi nilidhani ningekuwa mbaya."

"Ingekuwa rahisi," alisema binti yake. "Shuleni walikuwa wananiita mtoto wa Daktari. Halafu wakaacha kuniita hivyo, wakawa wananyamaza nikiingia. Nikisema nakuchukia, wananielewa. Sasa nikiwaambia nilikwenda kukutazama, na ulikuwa mzuri, watanielewaje?"

Alimwambia hajui. Alimwambia pia kwamba hana haja ya kumwambia mtu. Msichana akatikisa kichwa, kana kwamba baba yake amejibu swali lingine, akasema atakuja tena siku moja, asimsubiri. Na kweli alikuja, si mara nyingi. Wakati mwingine walikula pamoja kwa shangazi yake. Baba hajawahi kumwuliza kama bado anamchukia.

Mchezo ulikwenda wikendi nyingi kuliko walivyotegemea, kwa habari za mdomo tu. Aliyeugua koo alipopona alirudishiwa nafasi yake, na Daktari akarudi nyuma ya pazia na kidole chake, bila manung'uniko. Mchezo uliofuata alipewa sehemu ya tarishi, uliofuata sehemu ya hakimu. Mtayarishaji wa runinga alituma salamu kwamba labda Daktari sasa anaweza kurudi kutoka ng'ambo. Alimjibu kwamba masomo bado hayajaisha.

Miezi mingi baada ya yale ya karakana alikwenda duka la vifaa vya ujenzi kununua misumari ya jukwaa, akamkuta mdogo wa seremala kwenye kaunta. Hapakuwa na pa kukwepea. Walisalimiana.

"Shemeji hajambo?" aliuliza, kwa kukosa la kusema.

"Hajambo. Anafanya kazi." Yule mtu alikuwa akichagua karatasi za msasa, akizipapasa kwa kidole gumba. "Ulichomwambia, na mimi nilikisikia. Nimekifikiria sana. Zamani, kila tukikaa pamoja, alikuwa anatuhadithia kwamba kaka hakufa peke yake. Watoto walikuwa wanamwomba arudie. Siku hizi hahadithii. Ukimtaja kaka, anainuka na kwenda kuangalia sufuria."

Daktari alishika kaunta.

"Sikusemi vibaya," mdogo mtu alisema. "Nakwambia hali ilivyo nyumbani."

Alichukua msasa wake na kuondoka. Mwenye duka akauliza misumari ya inchi ngapi, akalazimika kuuliza tena. Alipopimiwa aliipokea ikiwa imefungwa kwenye gazeti, akatoka nayo juani kuelekea ghalani, ambako walikuwa wakimngojea ili jukwaa lipigiliwe na mazoezi yaanze.